Licha ya Nini?

Mwaka wangu wa kwanza kazini, mhariri alinituma nikaandike habari za mashindano ya riadha ya watu wenye ulemavu. Gazeti silitaji, wala uwanja. Nilikuwa mgeni, na ukweli ni kwamba niliona nimepewa kazi ya kujifunzia tu. Habari kubwa ya wikendi hiyo, ligi ya kandanda, walikuwa wameshagawana wakongwe. Nilifika, nikaketi jukwaani na watu wachache, wengi wao jamaa za wakimbiaji. Nikamchagua kijana mmoja asiyeona, aliyekuwa ameshinda mita 1500. Tukaongea karibu saa nzima. Jioni nikaandika habari iliyonitoa machozi mimi mwenyewe. Ilianza hivi: "Licha ya ulemavu wake..." Mhariri akaipenda sana. Akasema, "Hii sasa ina moyo."

Siku mbili baadaye simu ikalia. Alikuwa yule kijana. Dadake alikuwa amemsomea gazeti. Alinisalimia vizuri, akaniulizia hali, akanishukuru kwa kufika uwanjani maana waandishi huwa hawafiki. Kisha akasema:

"Lakini dadangu, nina swali moja tu. Umeandika vile nilivyopoteza macho. Umeandika mama alivyolia. Umeandika fimbo, umeandika na matope ya njia ya kwetu. Muda wangu uko wapi?"

Nikafungua daftari. Kurasa sita zimejaa. Muda haukuwamo. Sikuwa nimeuliza.

Imepita zaidi ya miaka kumi, na swali lile bado linanifuata kila ninapoketi kuandika habari za michezo. Kwa sababu si swali la takwimu. Ukilifungua, ndani yake kuna swali jingine zito zaidi: tunapomshangilia mwanariadha, hasa huwa tunashangilia nini?

Naona kuna majibu matatu. Kwanza, tunashangilia kipimo: mwili wa binadamu umefika hapa, kwa muda huu, kwa umbali huu. Pili, tunashangilia ushindi: walipanga mstari watu wa kiwango kimoja, na huyu akawapita wote. Tatu, tunashangilia safari: umaskini aliotoka, majeraha, mazoezi ya alfajiri kwenye baridi. Kwa mwanariadha wa kawaida tunatumia yote matatu, na safari huja mwisho, kama chumvi juu ya chakula. Kwa mwanariadha mwenye ulemavu tunatoa chakula chote mezani, tunamwachia chumvi peke yake. Tunamsifu kwa yaliyompata. Aliyoyafanya tunayasahau.

Mfano upo hapa hapa kwetu. Muulize Mkenya yeyote anayefuatilia riadha kuhusu Henry Wanyoike. Atakuambia mara moja: yule mkimbiaji asiyeona ambaye Sydney mwaka 2000, katika mita 5000, mwelekezi wake aliishiwa nguvu karibu na mwisho, ikabidi yeye asiyeona amvute anayeona hadi kwenye utepe. Ni kisa kizuri, na ni cha kweli. Sasa muulize Wanyoike alifanya nini Athens mwaka 2004. Wengi watanyamaza. Alishinda mita 5000 na mita 10,000, dhahabu mbili katika michezo mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya bingwa. Lakini haina kichekesho wala machozi ndani yake, basi imetutoka.

Wahenga walituachia methali ya mambo haya: hujafa hujaumbika. Tulifundishwa tukiwa wadogo, tusimcheke mwenzetu mwenye ulemavu, kwa kuwa kuumbwa kwetu hakujaisha; na sisi linaweza kutufika lolote. Ni methali ya huruma. Lakini sikiliza tunavyoitamka. Tunaitamka kama onyo, sauti ikishuka, macho yakimkwepa mhusika. Kana kwamba ulemavu ni mahali ambapo mtu huishia.

Hebu tuisome tena pamoja na maisha ya Abebe Bikila wa Ethiopia. Mwaka 1960 alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma akikimbia miguu mitupu. Mwaka 1964 akashinda tena mjini Tokyo, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili mfululizo. Mwaka 1969 akapata ajali ya gari, na miguu ile ikanyamaza. Hapo ndipo wasimulizi wengi hufunga kitabu, wakatikisa kichwa: hujafa hujaumbika.

Lakini Bikila hakufunga. Mwaka 1970 alikuwa Uingereza, kwenye michezo ya Stoke Mandeville, akishindana kwa upinde na mshale akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka 1971 alikwenda Norway kama mgeni mwalikwa, akaona hawezi kukaa tu kutazama, akaingia mbio za vigari vya thelujini vinavyovutwa na mbwa. Akashinda. Mtu wa nyanda za juu za Ethiopia! Kwa hiyo naomba unijibu, msomaji: ni siku gani hasa Bikila aliacha kuwa mwanariadha? Nidhamu yake ilikuwa ile ile. Tamaa ya kushinda ilikuwa ile ile. Aliendelea kuumbika, kama methali inavyosema kwa kweli ukiisikiliza bila hofu. Kilichobadilika ni macho ya waliokuwa wakimtazama.

Stoke Mandeville yenyewe ni hospitali. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile ambayo Olimpiki ya London ilifunguliwa, Daktari Ludwig Guttmann aliwapanga hapo wanajeshi 16 walioumia, wanaume kwa wanawake, akawashindanisha kwa upinde. Kutoka kwenye uwanja ule mdogo ndiko Paralimpiki ilikozaliwa, na michezo yake ya kwanza ikafanyika Roma mwaka 1960, siku chache baada ya Bikila kushinda katika mji huo huo. Tangu mwanzo, basi, hizi ni hafla mbili zilizokaa bega kwa bega, na moja ikatazamwa kama michezo, nyingine kama matibabu.

Mwaka 1972 tofauti hiyo ilionekana waziwazi. Bikila alialikwa Olimpiki ya Munich kama mgeni wa heshima. Alipoingia na kiti chake, uwanja ulisimama kumshangilia. Vema sana. Lakini wanariadha wenye viti kama chake, waliotaka kushindana mwaka huo, hawakupelekwa Munich. Kijiji cha wanamichezo kilikuwa kimepangiwa kugeuzwa nyumba za makazi, hivyo wao wakashindania Heidelberg. Huko ndiko Kenya iliposhiriki Paralimpiki kwa mara ya kwanza. Kiti cha magurudumu kilipewa heshima kikiwa na kumbukumbu juu yake. Kikiwa na mshindani, kilitafutiwa mji mwingine.

Sasa najua hoja itakayokuja, kwa sababu nimeisikia ofisini mara nyingi, na si kutoka kwa watu wabaya. Mwenzangu mmoja wa dawati la michezo huisema hivi: "Mimi nawaheshimu, lakini tuseme ukweli. Mchezo ni kujua nani bora kuliko wote. Hawa ni bora kati ya wachache."

Haya, tuichukue hoja hiyo kwa uzito wake. Mwaka 2016 mjini Rio, fainali ya mita 1500 ya Olimpiki kwa wanaume ilishindwa na Mmarekani Matthew Centrowitz kwa dakika 3:50.00. Mwezi uliofuata, kwenye uwanja ule ule, ikakimbiwa fainali ya Paralimpiki ya daraja la T13, la wenye uoni hafifu. Abdellatif Baka wa Algeria alishinda kwa 3:48.29. Mkenya wetu Henry Kirwa alipata shaba kwa 3:49.59. Hata aliyekuwa wa nne alikimbia kwa 3:49.84. Watu wanne walikuwa na kasi kuliko bingwa wa Olimpiki!

Habari hii ilienea mitandaoni kama muujiza, na wengi waliitumia kudai kwamba wale wanne ni bora kuliko Centrowitz. Mimi sidai hivyo. Fainali ile ya Olimpiki ilikuwa ya kuviziana, walitembea mizunguko ya mwanzo wakingojea mkurupuko wa mwisho, na Centrowitz alikuwa na uwezo wa kukimbia kwa kasi zaidi ya hapo. Ninachodai ni kidogo lakini hakikwepeki. Rekodi ya dunia wakati huo, na hadi leo, ni 3:26.00 ya Hicham El Guerrouj. Centrowitz alikuwa nyuma yake kwa sekunde 24. Kuna aliyeinua mkono kusema dhahabu hiyo ipunguzwe uzito? Hakuna, na ni sawa. Aliwashinda waliopanga mstari naye. Kumbe basi dhahabu hatuitoi kwa saa peke yake, na hatujawahi.

Wala hatuitoi kwa "bora kuliko wote." Faith Kipyegon ana dhahabu tatu za Olimpiki za mita 1500, na mwaka 2025 aliweka rekodi ya dunia ya 3:48.68. Tazama muda huo, kisha tazama tena ule wa Baka. Kuna Mkenya gani atakayesimama barazani aseme dhahabu za Kipyegon ni nusu dhahabu, kwa kuwa wapo wanaume wengi wanaokimbia chini ya muda wake? Atafukuzwa. Robert Wangila alituletea dhahabu ya ndondi kutoka Seoul mwaka 1988, hadi leo ya pekee kwa Kenya katika mchezo huo. Hakupigana na mabondia wa uzito wa juu. Alipigana na wa uzito wake, akawamaliza. Tulimpokea kama bingwa, bila neno "licha ya uzito wake."

Ndiyo kusema kwamba kanuni tayari tunayo na tumeikubali zamani: ubora hupimwa kati ya walio katika hali moja. Tumeikubali kwa jinsia, kwa uzito, kwa umri wa vijana chini ya miaka 20. Mwanariadha mwenye ulemavu haombi kanuni mpya. Anauliza kwa nini kanuni yetu wenyewe inaishia mlangoni kwake.

Mwenzangu hakati tamaa. "Angalia idadi," anasema. "Paris 2024 Olimpiki ilikuwa na dhahabu 329. Paralimpiki ilikuwa na 549. Madaraja ni mengi, washindani katika kila daraja ni wachache. Medali rahisi hiyo."

Hapa nakiri ana nusu ya ukweli. Yapo madaraja ambayo washindani wake ni wachache kweli, na ushindi wa huko hauwezi kulinganishwa kwa ugumu na kila ushindi mwingine. Lakini hata Olimpiki iko hivyo hivyo. Ni nchi ngapi duniani zina farasi wa mashindano? Sisi wenyewe tulishinda mbio za kuruka viunzi na maji za wanaume katika kila Olimpiki tuliyohudhuria kuanzia 1968 hadi 2016. Miaka yote hiyo sikumbuki Mkenya aliyelalamika kwamba ushindani ni mwembamba mno, turudishe medali. Tulipiga vigelegele.

Na uchache huo unatoka wapi? Mtoto asiyeona hawezi kukimbia bila mwelekezi aliyefunzwa, na mwelekezi naye lazima ale. Kiti cha mbio si kile cha hospitalini. Mtoto ambaye hajawahi kuona gazeti likiandika muda wa mtu kama yeye hajui kwamba kuna muda wa kuufukuza. Kusema tusiwape heshima kamili kwa kuwa wako wachache ni kumnyima ng'ombe majani, kisha kumsuta kwa maziwa kidogo.

Kuna jambo jingine linalonionyesha kwamba hoja ya ubora si ya kweli sana moyoni mwetu. Tazama yanayotokea mwanariadha mwenye ulemavu anapokuwa bora kupita kiasi. Markus Rehm wa Ujerumani, mwenye mguu mmoja wa bandia, alishinda ubingwa wa taifa wa kuruka umbali mwaka 2014 akishindana na wasio na ulemavu. Aliruka mita 8.24. Hakuchukuliwa kwenda mashindano ya Ulaya. Wasiwasi ulikuwa kwamba mguu ule unamsaidia. Swali hilo la kisayansi ni halali, na mimi sitaki wote walazimishwe kushindana pamoja. Daraja lake ni lake na lina heshima yake. Lakini ona mtego aliowekewa. Akiruka karibu, ni maskini anayejitahidi. Akiruka mbali, ni mdanganyifu. Katikati, pale ambapo mtu huitwa bingwa tu, hakuna nafasi.

Basi kutambuliwa sawa ni nini? Mimi nakuona katika mambo matatu.

La kwanza ni pesa, tusione haya kulitaja. Hadi mwaka 2018 Mmarekani aliyeshinda dhahabu ya Paralimpiki alipewa dola 7,500, na wa Olimpiki dola 37,500. Mwaka huo wakasawazisha, wote 37,500, na mwaka uliofuata hata jina la kamati yao ya Olimpiki likaongezewa Paralimpiki. Mbingu haikuanguka. Tuzo ya taifa ni kauli ya taifa. Ukimpa mmoja sehemu ya tano ya alichopewa mwenzake, umeshasema jasho lake lina thamani gani, hata kama hotuba ya uwanja wa ndege ilikuwa tamu.

La pili ni lawama. Naam, lawama. Mkimbiaji wetu wa kawaida akishindwa, tunamchambua bila huruma: alianza kwa kasi mno, alijifungia ndani ya kundi, kocha alikosea. Sijawahi kusoma makala ya Kiswahili inayomchambua hivyo mwanariadha mwenye ulemavu. Akishinda, shujaa. Akishindwa, shujaa. Mtu ambaye hawezi kulaumiwa hajachukuliwa kwa uzito. Anabembelezwa kama mtoto.

La tatu ni maneno, na hapa naisema kazi yangu mwenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na pia kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kutajwa! Yaani katiba imeingia hadi kwenye kalamu ya mwandishi. Na Kiswahili chetu kina kidonda hapo. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: yote yamevaa kiambishi cha kiti na kisu. Ndiyo maana wengi leo wanasema asiyeona, mtu mwenye ulemavu, nami nakubaliana nao. Lakini hebu sikiliza sentensi nzima. Hakuna mzawa wa lugha hii anayesema "kipofu kimekimbia." Tunasema "kipofu amekimbia." Jina limemweka pamoja na vitu, lakini kitendo kinapofika kinamrudisha kwa watu. Nimeupenda upatanisho huo tangu nilipoutambua. Sarufi ya bibi zetu inajua jambo ambalo meza yetu ya habari imelisahau: mtu humjua kwa kitendo chake.

Mwaka 2024 huko Paris, Samson Ojuka alituletea medali ya fedha katika kuruka umbali, daraja la T37, la wanariadha ambao kwa kawaida upande mmoja wa mwili hauwatii vizuri. Ilikuwa medali pekee ya Kenya katika Paralimpiki hiyo. Fikiria: nchi ya wakimbiaji, ambayo katika Olimpiki haijawahi kupata medali ya kuruka umbali hata moja, imepata fedha ya kuruka! Hiyo ni habari ya michezo, tena habari kubwa. Aliruka vipi? Nani alimfundisha? Kwa nini wengine hatuwapati? Maswali yote hayo yapo, na hakuna hata moja linalohitaji "licha ya."

Nirudi kwa yule kijana. Baada ya simu yake niliomba radhi, nikaahidi kutafuta muda na kuuchapisha kama masahihisho. Nilimpigia mwandaaji wa mashindano. Akasema karatasi za matokeo zilikuwa na mtu mwingine. Yule mwingine akasema alizirudisha. Niliendelea kuulizia kwa wiki kadhaa, kisha, nakiri, nikaacha. Mwaka jana nilijaribu tena. Hakuna orodha, hakuna faili, hakuna tovuti. Kitu pekee duniani kinachoonyesha kwamba mbio zile zilikimbiwa ni habari yangu mimi, yenye fimbo, na matope, na machozi ya mama yake.

Alishinda. Hilo limo. Kwa muda gani, hatutajua kamwe, na wa kulaumiwa ni mimi niliyekuwa pale na kalamu mkononi.

Siku hizi ninapokwenda uwanjani, mashindano yoyote, ya mtu yeyote, swali langu la kwanza ni moja: umekimbia kwa muda gani? Mengine tutayafikia baadaye, akipenda mwenyewe.